Mkataba wa Mgeni wa Mama

Jumanne.

Kwa hiyo kazi yangu si yangu tena. Wakili amenieleza mara mbili leo, polepole, kama mtu anayenipa habari ya msiba.

Nilidhani nimemuuzia yule mteja wangu wa Ujerumani programu moja tu, ya kupangia wageni katika hoteli zake. Kumbe mkataba unasema kila kipande nilichotumia kuijenga ni mali yake, hata vile nilivyoandika zamani. Na hivyo vya zamani ndivyo vinavyoendesha programu niliyowatengenezea wavuvi wa Sabaki waandikie samaki wanaovua. Nikitaka kubisha, kesi itasikizwa kwao. Mimi hata pasipoti sina.

"Kwani hukuusoma?" wakili akaniuliza.

Ningeusoma vipi? Mtu kaja mpaka Shella, kaketi kwetu, mama kamwandalia wali wa nazi na samaki wa kupaka. Akautoa mkataba hata sahani hazijaondolewa. Kuanza kuchambua karatasi za mgeni mbele ya chakula chako ni sawa na kumwita mwizi. Nikatia sahihi. Mama akamwongeza wali.

Adabu! Hiyo adabu yetu ndiyo iliyoniponza.

Jioni akapiga simu Bi Mwanaisha, katibu wa wale wavuvi. "Mwanangu, tuongezee na mahali pa kuandikia kamba, wameanza kupatikana."

Nimemjibu inshallah. Ningemwambiaje kwamba ili niiguse kazi ya mikono yangu, yanibidi kwanza nimwombe ruhusa mtu aliyekula kwetu?