Redio ya Kwenye Kamba ya Nguo

Mdogo wangu Tabu,

Hujambo? Mama na watoto hawajambo, na shemeji mgongo umemwachia? Mi huku Ugalla mzima, nimenenepa, ukiniona utacheka. Kaa chini kabisa ndiyo usome, leo nina neno tamu.

Si unamkumbuka Mama Kulwa, yule aliyenisingizia kwa bosi kwamba naiba sukari ya kambi? Jiko langu akachukua yeye, mi nikatupwa kwenye kufua. Halafu akamtumia habari dada yake huko kwetu Kasansa, mama yetu akachekwa pale mashineni, kwenye foleni ya kusaga. Nilisema huyu lazima nimrudishie.

Sasa sikia. Bosi wetu wa uwindaji anakuja na kandege, hasemi siku, anataka akukute ulivyo. Mi nikifua nafungulia redio, waya wake nimeufunga kwenye kamba ya nguo, ile ya chuma. Nasikiliza stesheni ya ng'ambo ya ziwa, inasikika kwa mbali, kama mtu anaongea ndani ya mtungi. Nikaona ajabu: sauti ikianza kutetemeka, ukikaa kidogo tu, ndege inanguruma. Kila mara hivyo. Nikamuuliza fundi wetu wa redio kol, ile ya kuongea na mjini.

"Mawimbi ya stesheni yanaigonga ndege, yanakuja kugombana na yale yaliyokufikia moja kwa moja," akasema. "Jeshini wana mitambo ya hivyo, yenyewe haitumi kitu, inasikiliza tu. Ila iwe stesheni hafifu, mama. Yenye nguvu inafunika yote."

Basi ndege ikitua inakuta nimeshatandika, maji ya kuoga ya moto. Bosi ananisifu. Mama Kulwa kavimba, maana yeye anashinda kwake, mpaka asikie mngurumo ndiyo akimbie kuwasha moto. Akanifuata.

"We mfua nguo, unajuaje?"

"Redio ikitetemeka, ndege inakuja." Nikataka kuendelea, si unanijua.

"Funga domo. Lete hiyo redio."

Tabu, tangu nizaliwe sijawahi kufunga domo. Siku hiyo nikalifunga.

Akaenda nayo kwake, akazungusha mpaka stesheni inayokuja wazi, muziki safi. Juzi mchana ndege hiyo. Watoto wanamwambia, anajibu, "Siyo ya kwetu, ingekuwa ya kwetu redio ingetetemeka." Akaendelea kusukwa. Mi niko kambini, nimekalia beseni, mikono nimekunja, hata ukuni sijasogeza.

Bosi kakuta jiko la baridi. "Mpishi yuko wapi?"

"Kwake, bosi. Nikupeleke?"

Nikampitisha njia ya mkato. Tukamkuta kichwa nusu kimesukwa, pembeni pipa la pombe, na mifuko ya sukari ya kambi, alama yetu hii hapa.

Jiko nimerudishiwa. Mumewe kaja kulia kwa bosi, ndiyo Mama Kulwa kaachiwa kufua. Jana ananiuliza, "Mbona hukuniambia stesheni?"

"Si ulisema nifunge domo." Nikampa aproni yangu yenye mafuta, aanze nayo.

Msalimie mama, mwambie atembee kichwa juu. Msalimie baba mdogo mchunga ng'ombe, na wifi muuza chumvi. Barua hii kaisome pale mashineni, siku foleni ikiwa ndefu, kwa sauti. Ukifika mwisho, kama dada yake Mama Kulwa ndiyo kwanza anaingia, anza upya.

Dada yako,
Nyamizi, mpishi