Binti wa Upanga Amekwama Langoni

Mshauri wangu mpendwa, nisaidie, maana nimejitia kitanzi kwa mkono wangu mwenyewe.

Mimi ni msusi, nina saluni ndogo, na kwa siri ambayo sasa ni ya mtaa mzima naandika riwaya ndefu ya falme na majoka, na kwa kuwa mikono yangu haitoki kwenye nywele za watu, mdogo wangu wa kike, niliyemlea tangu mama yetu afariki, ndiye anayewasomea wateja kila sura mpya kwa sauti, na wamenogewa mpaka wengine wanafumua nywele kabla ya wakati ili warudi kusikiliza. Sasa shujaa wangu, binti aliyebeba upanga wa kuliua joka, nimemchora kwa mfano wa huyu huyu mdogo wangu: anaogopa kuku, ndala ya kushoto anaivaa mguu wa kulia, na akishikwa na woga anacheka. Alijitambua siku ile ile alipoisoma, na wateja wanamwita Binti wa Upanga. Tatizo ni kwamba amepata nafasi chuo cha ukunga, mji wa mbali, chuo kinafunguliwa mwisho wa mwezi, na nikimuuliza lini atapanga nguo zake anasema, "Dada, mimi nitavuka yule akivuka," huku akicheka. Na yule, Mshauri, amesimama kwenye lango la nchi ya joka sura baada ya sura, mara ufunguo umepotea, mara mvua, mara farasi anachechemea, hadi mteja mmoja akaniuliza, "Kwani hilo lango halina hata mlinzi wa kuongea naye vizuri?" Nikikaa nimvushe, kalamu inagoma. Nifanye nini niweze kuandika tena?

Msusi Mwandishi

Msusi,

Pole, lakini niruhusu nicheke kwanza. Lango umelijenga mwenyewe, ufunguo umeuficha mwenyewe, halafu unaniuliza mimi nani kafunga! Kalamu yako haina kosa. Na huyo farasi umwombe radhi, hajawahi kuchechemea.

Unachoogopa ni ile jioni utakayofunga saluni bila mtu wa kumwambia azime taa. Naelewa, na inauma. Umekuwa dada na mama kwa wakati mmoja, nani asingeshikilia? Ila mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na wewe umemlea mtu wa kubeba upanga. Sasa unataka abebe taulo zako mpaka azeeke?

Halafu rudia kusoma barua yako mwenyewe. Umesema akiogopa anacheka. Ukasema tena anakuambia atavuka yule akivuka, huku akicheka. Mwandishi mzima, umeyaandika yote mawili na hukusikia? Huyo hakutanii. Anaogopa, na anakuomba ruhusa kwa njia pekee uliyomwachia.

Kwa hiyo leo funga saluni mapema, uandike. Mvushe. Joka usiliue, liache hai upande wa pili, mdogo wako atakuja kukusimulia mwenyewe wakati wa likizo alivyopambana nalo. Kesho mpe sura hiyo aisome mbele ya wateja kama kawaida. Akifika pale lango linapofunguka ataanza kucheka. Usicheke naye. Weka kitana chini, mshike mkono, umwambie, "Nenda, mdogo wangu."

Nywele za mteja zitasubiri.