Baba Asihamie Suma

Mama,

Uji wa mjukuu wako Anyelwisye uko kwenye chupa. Nguo zake ziko kambani, mvua ikianza uzianue. Nimewahi kazini, nitarudi saa kumi.

Alfajiri nilimsikia Baba akikwambia, "Mama Danieli, kila nikiamka kwenda kuchuma chai, namwamsha mjukuu, analia. Nahamia kwa kaka kule Suma mpaka akue." Nilikuwa nyuma ya pazia. Mila hainiruhusu kuongea na baba mkwe, ndiyo maana nakuandikia wewe.

Tafadhali msomee haya. ~~Kosa ni langu, nimemdekeza mtoto~~ Hapana, hakuna mwenye kosa. Siku zile Baba alipolala msibani, wewe uligeukageuka kitandani mpaka kukakucha. Mimi nikakaa macho nikikusikiliza, na mtoto, kwa kuwa mama yake halali, akaamka mara nne. Baba akiwepo analia mara moja tu, ananyonya, tunalala tena wote. Usingizi wa nyumba hii unaanzia kwake.

Mzigo alioufunga Baba kwenye baiskeli, Danieli ameshaufungua na kuurudisha ndani. Nimemtuma mimi.

Mkweo,
Doreen