Kiti cha Mama Mbele ya Nyumba

Mtaa wa Ferncliff 41,
Kessler, Pennsylvania.
9 Februari

Mpendwa kaka Tadek,

Hamjambo, wewe na wifi Irena? Mgongo wako je, umepata nafuu? Sisi tu wazima, ila theluji imefika madirishani. Nyinyi wa Arizona endeleeni kuota jua.

Uliandika kwamba Mama ahamie kwenu, maana mwaka jana theluji iliziba mtaa akakosa kwenda hospitali kusafishwa damu kwa mashine ya figo. Niliumia, kwa kuwa kuondoa theluji mitaani ni kazi ya manispaa, na mimi nafanya kazi humohumo.

Mwaka huu meya alitupa kikosi kidogo cha kujaribu mambo mapya. Tulianza kwa kuboronga. Unajua watu wa huku wakishachimba theluji kupata nafasi ya kuegesha gari barabarani, huilinda kwa kiti kikuukuu. Sisi tukaona viti vinazuia magreda ya kusukuma theluji, tukavizoa vyote. Kesho yake mtaa mzima ulikuwa ofisini, Mama mbele na mkongojo wake.

"We Ludwika, kiti cha marehemu baba yako mmekipeleka wapi?"

"Mama, tunaboresha huduma."

"Boresheni masikio kwanza!"

Viti tukavirudisha. Kisha tukawaketisha pamoja wakazi, wauguzi na madereva wa magreda, wakakubaliana: nyumba yenye mgonjwa ifunge kitambaa chekundu kwenye kiti chake, na dereva aanzie hapo. Zamani angengoja kibali kutoka juu. Sasa anabadili njia mwenyewe, na kila Ijumaa tunakaa naye kuzungumza yaliyoshindikana bila kutafuta wa kulaumiwa. Siku hizi hata idara ya maji wanakuja kujifunza kwetu. Natembea kifua mbele, sikufichi.

Juzi ilipiga dhoruba kali. Greda lilikuja alfajiri, na Mama akafika hospitali kabla ya muuguzi wake, akamsuta kwa kuchelewa! Kwa hiyo, kaka, Mama haendi popote.

Msalimie sana Irena, na shangazi Bronia umbusu kwa niaba yangu. Mungu awalinde na kuwapa afya.

Nilisahau: Mama ameweka kiti cha pili barabarani, kwenye nafasi aliyomchimbisha jirani. Hakina kitambaa, na hataki mtu akiguse. Anasema hapo ni pa gari lako.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Ludwika