Sahani Isiyolia

Machi 4

Mama mpendwa,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Mkamwana wako anakusalimu, na mtoto sasa anakimbia nyumba nzima, hashikiki. Wewe je, miguu inaendeleaje?

Mama, nikuulize waziwazi: umenikasirikia? Tangu nihamie huku kikazi, simu zangu hupokei, na ukipokea huchelewi kukata. Jumapili tulimpa mtoto simu akakuita, "Bibi! Bibi!" Neno lenyewe tumemfundisha kwa kazi. Ukajibu, "Haya, asante, salamu kwa wote," ukakata. Mke wangu alinuna, niliuona uso wake. Kama kosa langu ni kuhama, nigombeze yaishe. Usininunie.

Mwanao,
Kitindamimba

Machi 19

Kitindamimba wangu,

Marahaba. Mimi mzima. Miguu ndiyo hiyo, inanifikisha sokoni na kunirudisha.

Nikununie una nini wewe? Simu yangu inakwaruza tu. Andika barua, barua haikatiki.

Sasa pokea habari ya maana. Yule muuza vitu vya kale, Bwana Punguzo, kapata sahani ya kaure ya Kijerumani, ya zamani hasa, imechorwa kwa mkono. Mawaridi matano, na hakuna mawili yanayofanana. Ukipitisha kidole unagusa rangi ilivyoinuka. Dhahabu ya ukingoni imefifia kidogo, kama inavyopaswa kwa umri wake. Akanitajia bei ya kuniua. Nikamwambia hata mimi ni wa zamani na sina bei hiyo. Tukaelewana. Nimeigonga kwa ukucha kama kawaida, ikalia vizuri, nzima kabisa. Ni ya mjukuu wangu, jirani dereva wa lori ataileta. Itundikeni ukutani, nisisikie imeonekana kwenye sinki!

Mama yako

Aprili 8

Mama,

Shikamoo. Tu wazima. Sahani imefika, na mawaridi yanapendeza kweli. Mke wangu anashukuru sana, hata kununa kasahau.

Lakini Mama, nimeigonga. Niliiweka juu ya ncha za vidole kama ulivyonifundisha nikiwa bado sifikii meza, nikaigonga ukingoni. Hailii. Inatoa sauti ya kigae. Nikaiinua dirishani, nikauona ufa mwembamba kama unywele, toka ukingoni hadi katikati. Dereva wa watu usimlaumu. Ufa umeshaingia uchafu wa kahawia, ni wa miaka mingi.

Wewe ndiye uliyekuwa ukigonga sahani za duka zima na kutoka mikono mitupu. Walikuita Mama Kengele. Nimekaa nikalifikiria hilo, nikaifikiria na simu. Mama, masikio yanakusumbua?

Kitindamimba

Mei 2

Mama,

Shikamoo. Sijapata jibu lako. Dereva anasema upo, unatabasamu vizuri, ila ukiitwa kwa nyuma hugeuki. Nijibu, Mama, hata kwa matusi.

Kitindamimba

Juni 11

Kitindamimba,

Marahaba. Wasalimie hapo nyumbani.

Nilikasirika, ndiyo. Nilisema huyu mtoto amenikosea adabu, ananiita kiziwi. Kisha nikazishusha sahani zangu zote ukutani, nikazigonga moja moja. Kimya. Hata ile ya ndege wa buluu, iliyokuwa ikilia mpaka marehemu baba yako anacheka. Nikaelewa nilivyoinunua ile mbovu. Mkono uligonga, kichwa kikanijazia sauti ninayoikumbuka. Bwana Punguzo naye akatulia tuli, mwizi yule. Tutaonana.

Ile Jumapili nilisikia mvumo tu. Sikujua kama ni mtoto. Mwombe mke wako radhi, mwambie nimeumia kuliko yeye.

Ulipokuwa mtundu nilikuambia kila siku, sikio la kufa halisikii dawa. Haya, leo msemo umehamia kwangu, cheka tu.

Nikwambie ukweli. Nimeshafika mara mbili mlangoni kwa daktari wa masikio, nikageuza njia. Naogopa, baba. Naogopa aseme hakuna la kufanya, halafu nirudi na maneno hayo kwenye nyumba isiyo na mtu. Omba ruhusa kazini uje. Peke yangu siendi.

Mama yako