Kwa Nini Tulimtoa Filbert

Maisaka,
Babati, Manyara.
Jumapili, 14 Septemba 2025.

Mpendwa Shangazi Benadetha,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima, wewe na Baba Filbert na wote mlio nao hapo Mpanda. Mgongo wa mzee unaendeleaje? Mara ya mwisho ulisema anashindwa kuinama kufunga viatu, na tangu hapo sijapata habari. Huku kwetu Mungu anatutunza. Mke wangu Sarah na watoto hawajambo, wako kule Sigino. Mbaazi zimekubali mwaka huu na Sarah ameshamaliza kuzipura.

Mwanao Filbert ni mzima. Naliandika hili mapema ili usisome barua yote huku moyo unakudunda. Anakula vizuri, anatembea, na asubuhi hii tumekwenda naye misa.

Nimeandika kwa sababu simu zangu hupokei. Sikulaumu, Shangazi. Ijumaa ile uliponipigia ulisema, "Nilikukabidhi mtoto wangu, Paskasi, nawe umemtupa nje kama takataka," kisha ukakata kabla sijasema neno. Maneno hayo nimekuwa nayo kazini na mezani. Sasa Filbert ananiambia umeapa kuja mwisho wa mwezi kumchukua. Ndiyo maana barua hii nampa Mwalimu Simon, anayesafiri kesho kuja huko kumwona kaka yake. Nimemwomba aiweke mkononi mwako.

Nitakueleza mambo jinsi yalivyokwenda, bila kujipendelea.

Nyumba yetu hujaiona. Tuko wanaume sita, na wote tulikuwa walevi. Hakuna daktari wala padri anayetusimamia, tunasimamiana wenyewe. Kila jioni tukikaa kula, kila mtu anasema siku yake ilikuwaje, na kama kiu ilimjia anasema ilimjia wapi na ilimjiaje. Sheria kubwa ni mbili. Anayekunywa anatoka siku hiyo hiyo. Na anayejua kwamba mwenzake amekunywa akanyamaza, naye ana kosa. Mwenye nyumba ni Mama Irine, mjane ambaye mumewe alimalizwa na gongo. Alitupangisha kwa sharti moja, kwamba pombe isivuke kizingiti chake. Mimi nilikuwa nimetimiza miaka miwili na miezi mitano bila kuonja, kwa hiyo wenzangu walinipa funguo na uongozi.

Filbert unakumbuka alivyoondoka kwako Februari, shati limemzidi mwili. Alipambana. Alipata kazi kwenye mashine ya kukamua alizeti, akawa anarudi ananuka mafuta, na sisi tulifurahia harufu hiyo kwa sababu ilikuwa ya kazi. Mwezi wa saba alitimiza miezi mitano. Ulimpigia siku ile, akacheka mpaka akatoka nje.

Halafu Agosti akapata habari kwamba mkewe ameolewa Tabora na watoto wamehamia huko. Alitueleza mezani kwa sentensi moja tu, kisha akaomba chumvi. Nadhani hapo ndipo tulipokosea mara ya kwanza. Tulimpa chumvi tukaendelea kula.

Jumapili ya tarehe ishirini na nne tulikuwa tunatoka kanisani. Akanisogelea kuniambia jambo, nikaisikia harufu. Nikamvuta pembeni ya ukuta, nikamuuliza, "Umekunywa?"

Akasema, "Mara moja tu, kaka. Ukisema pale nyumbani, mama atakufa."

Nilikufikiria wewe. Nilifikiria jinsi ulivyouza pombe mwaka mzima ili nipate sare na viatu vya kuingia sekondari, wakati baba yangu, kaka yako, alikuwa mgonjwa. Nikamwambia asirudie. Jioni ile alisema mbele ya wote kwamba siku yake ilikuwa nzuri, na mimi niliyekuwa naongoza nikamshukuru. Nilimshukuru siku nne mfululizo, Shangazi, na kila siku nilikuwa najua.

Sikujua kwamba haikuwa mara moja. Alikuwa anakunywa tangu baada ya Nane Nane, na gongo alikuwa anaificha kwenye chupa ya maji nyuma ya gunia la unga.

Kati yetu kuna mtu anaitwa Silas, fundi cherehani, mtu mzima mwenye wajukuu. Alikuwa na wiki tatu tu ndani ya nyumba na mikono yake ndiyo kwanza ilikuwa imeacha kutetemeka. Alhamisi asubuhi alibaki peke yake, akaenda kuchota unga apike uji. Akaikuta ile chupa. Akaimaliza.

Mama Irine alikuja saa nne kuangalia bomba linalovuja, akamkuta ameanguka mlangoni, midomo imebadilika rangi, anapumua kwa kukoroma. Alinipigia nikiwa kwenye kazi ya uashi Bonga, juu ya ukuta wa watu. Niliacha mwiko hapo hapo kwenye zege. Nilipofika hospitali, Filbert alikuwa ameshafika, kwa sababu mashine yao iko karibu. Daktari akatuuliza, "Huyu amekunywa nini? Amekunywa kiasi gani? Nisaidieni haraka."

Nikamtazama Filbert. Akatazama sakafu. Daktari akauliza tena. Nilijua nikifungua mdomo ninamtoa mwanao nje ya nyumba, na nikifunga ninamzika mtoto wa mama mwingine. Nikasema, "Ni gongo. Ni ya huyu hapa. Na mimi nilijua kwamba anakunywa."

Silas walimhangaikia mpaka jioni ndipo akafungua macho.

Mchana ule ule tulikutana nyumbani. Nilisimama nikasema kosa langu, nikaweka funguo mezani. Walizichukua, na hawakuniambia pole. Wakamuuliza Filbert kama ana la kusema. Akasema hana. Watatu wakainua mikono atoke, na mkono wangu ulikuwa wa nne. Sitakuficha hilo. Hakuna aliyenilazimisha.

Alifunga nguo zake kwenye shuka. Mlangoni akageuka akaniambia, "Paskasi, sema kitu."

Nikamwambia, "Sheria ndiyo hiyo."

Kumtoa sijutii, Shangazi. Ninajutia maneno hayo. Alikuwa anaomba neno la ndugu, nikampa neno la kiongozi, na uongozi wenyewe nilikuwa nimeshaukabidhi.

Kesho yake, Ijumaa, alikupigia kwa simu ya mtu, nawe ukanipigia mimi. Baada ya hapo ile simu haikupatikana tena. Jumamosi sikwenda kazini. Mimi na Mwalimu Simon tulipita Bonga yote, nyumba kwa nyumba zinakouzwa pombe. Simon aliwahi kuishi kwenye nyumba yetu kabla ya kurudi kwa familia yake, kwa hiyo anazijua zote. Nataka nikuambie ukweli kwamba kwenye nyumba ya tatu mama mmoja alinikaribisha kiti na kunimiminia kikombe. Alinikumbuka kwa jina. Nilikitazama kile kikombe muda mrefu kuliko nilivyopaswa. Simon akanishika kiwiko akasema, "Twende, hayupo hapa," tukatoka.

Tulimkuta saa tisa alasiri nyuma ya karakana ya seremala, amelala juu ya maranda, hana viatu. Nilidhani amelewa. Simon akamgusa akasema hapana, huyu ameishiwa pombe, ana siku nzima hajaipata. Mwili wake ulikuwa unatetemeka, jasho linamtoka, anazungumza na mtu asiyekuwepo. Alikuwa anakuita wewe, anakuambia uondoe kuku kitandani. Tukiwa tunamwingiza kwenye bajaji akaanza kukakamaa. Macho yaligeuka, povu likatoka. Nilimshika kichwa mapajani njia nzima, dereva anapiga honi, na mimi ninasali sala ambazo sikumaliza hata moja.

Alikaa wodini siku nne kwenye dripu. Daktari ni yule yule wa Silas. Aliniita pembeni akanisema vizuri sana. Alisema mtu aliyezoea pombe kali akikatishwa ghafla bila dawa anaweza kufa, na kwamba sheria yetu ya kumtoa mtu mlangoni na furushi lake ingetuletea maiti.

Kwa hiyo sheria tumeibadilisha. Anayekunywa bado anatoka, kwa sababu bila hivyo Silas mwingine ataanguka. Lakini anatolewa akiwa ameshikwa mkono. Kwanza hospitali, kisha nyumba ya mmoja wetu mwenye familia, na kila siku mtu wa zamu anakwenda kumwona. Akimaliza siku kumi na nne bila kuonja, anaruhusiwa kuja kuomba upya. Mama Irine, kwa sababu ya ile chupa, alikuwa ametupa mpaka mwisho wa mwezi tuhame. Tulipompelekea sheria mpya aliisoma mara mbili, akasema kama mumewe angepata watu wa kumshika mkono hivyo, leo asingekuwa mjane. Akasema tubaki.

Filbert alikaa kwa Mwalimu Simon. Asubuhi mmoja wetu anamsindikiza mpaka kwenye mashine, jioni mwingine anamrudisha. Mimi zamu yangu ilikuwa Jumanne na Ijumaa. Mara ya kwanza tulitembea mpaka tukafika bila kusemeshana. Ya pili akaniuliza kama Silas anashona. Nikamwambia anashona. Ya tatu nilimwambia nilichopaswa kusema mlangoni, kwamba mimi ni ndugu yake na nilimwogopa. Akasema naye aliniogopa.

Jana Jumamosi zimetimia siku kumi na nne. Alikuja saa kumi jioni, akabisha hodi, akasimama nje mpaka tulipomwambia aingie. Mama Irine naye alikuwepo, amekaa karibu na mlango na mkoba mapajani. Tulikubaliana kwamba Silas ndiye atakayesema kwanza, na neno lake likiwa hapana, imekwisha.

Nilisikia mabati yakilia kwa joto. Kisha Silas akamwambia Filbert, "Nimefundisha mikono yangu kushika sindano upya mara mbili mwaka huu. Ya pili ni kwa sababu yako."

Filbert akasema, "Najua, baba. Ile chupa niliiweka mimi. Sina namna ya kuiondoa."

Silas akamtazama mpaka mimi nikaona haya. Halafu akasema, "Aingie. Lakini alale chumba changu. Kila asubuhi nitamnusa mimi mwenyewe, na yeye atanusa mdomo wangu. Siku mmoja wetu atakapokataa, wote tutajua."

Hakuna aliyepiga makofi. Mama Irine alisimama akaenda kutafuta godoro.

Sasa nafika kwenye jambo gumu, na ninaliandika nikiwa nimepiga magoti mbele yako. Usije kumchukua, Shangazi. Najua kwako ndiko kwao, na hakuna anayempenda kukuzidi. Lakini mapipa ya pombe yako uani, yako pale tangu akiwa mdogo anayekoroga kwa mwiko uliomzidi kimo. Wateja wako ndio rafiki zake. Hiyo pombe ilinivika viatu mimi, siwezi kuitukana. Nasema tu kwamba akirudi sasa hivi atalala hatua kumi kutoka kwenye kitu kilichotaka kumuua Bonga, na hapo nyumbani hakutakuwa na mtu wa kumnusa asubuhi.

Ukinikasirikia, nikasirikie mimi peke yangu. Simu usiipokee hata mwaka mzima. Lakini tafadhali mwache akae hapa mpaka aweze kuchagua mwenyewe. Nami nakiri sikuahidi wala siahidi kwamba hataanguka tena. Mimi mwenyewe sijui ya kesho. Nilikuambia habari ya kile kikombe ili ujue ni mtu wa namna gani anakuandikia.

Mimi nilitarajia kurudi kwa Sarah mwezi wa kumi na mbili. Wenzangu wameniomba nisubiri mpaka Pasaka, kwa sababu ya zile siku nne nilizonyamaza. Sarah alilia kidogo, kisha akasema ni haki.

Nisalimie Baba Filbert, mwambie mtoto wa shemeji yake anamwombea mgongo. Nisalimie Eliakunda na mumewe Melkiadi, na Josephina mdogo, ambaye nasikia ameanza kusoma magazeti kwa sauti kuwasumbua majirani. Mungu wa babu zetu aliyewavusha kutoka Mbulu akulinde, akupe usingizi, na akulainishie moyo kwangu.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, ninayekupenda hata ukinikatia simu,

Paskasi

Filbert amesoma barua hii yote. Nilimwambia afute anachotaka, hakufuta. Ameomba nafasi hapa chini.

Mama, shikamoo. Ni kweli yote aliyoandika. Leo ni siku ya kumi na tano. Usije kunichukua. Njoo unisalimie, ulale kwa Mwalimu Simon, halafu uniache hapa. Filbert.