Aliyekaa Kwenye Kiti Chako

Rehema, rafiki yangu,

Mwalimu amempa mtu kiti chako. Nakuambia hili kabla ya salamu, maana tangu litokee sina salamu nzuri mdomoni.

Ni Halima, yule mrefu wa hapa hapa Garsen ambaye mama yake huuza maziwa karibu na soko la mifugo. Mwalimu wa fizikia alisema kazi yetu haiwezi kufanywa na mtu mmoja. Nilitaka kumwambia kwamba siko peke yangu, niko na wewe. Lakini nilikuwa nimekuzika kwenu Golbanti, kando ya mto, nimetupa udongo kwa mkono wangu huu.

Unajua kazi ilipokuwa imefika. Vile visanduku viwili bado viko kwenye meza ya dirishani, cheusi na cha bluu. Oskiloskopu za bei nafuu, unazichomeka kwenye USB ya kompyuta na umeme unajichora kwenye skrini kama mawimbi. Shule itanunua aina moja tu, na Mwalimu anangoja ripoti yetu imwambie ipi. Mimi nilipenda cheusi kwa sababu mistari yake ni safi. Wewe ulipenda cha bluu kwa sababu ya kitabu chake cha maelekezo. Ulisema kifaa kizuri chenye kitabu kibaya ni sawa na mtumbwi usio na upondo: utaelea, ndiyo, lakini utakwenda unakotaka wenyewe. Nikakuambia kwa mtu wa Golbanti kila kitu ni mtumbwi. Tulicheka mpaka tukatolewa maabara.

Sasa Halima. Siku ya kwanza tu alikaa mbele ya kile cha bluu, akashika ncha ya waya wa kupimia kwa kidole, na wimbi likatokea. Rehema! Ile ilikuwa yetu. Ni mimi na wewe tuliogundua kwamba mwili wa mtu huokota umeme wa nyaya za ukutani, na ukishika ile ncha unajiona mwenyewe ukipanda na kushuka. Nikamwuliza amefundishwa na nani. Akajibu bila hata kugeuka, "Na Rehema. Alikuwa akija kununua maziwa, anasimulia mawimbi yenu mpaka mama anamwambia mwanangu nenda, maziwa yataganda."

Hukuniambia. Nilijua unapenda maziwa. Sikujua kwamba huko kwenye maziwa kulikuwa na mtu.

Basi nikanuna. Akiniomba rula nampa huku naangalia dirisha. Akicheka, nasikia anacheka kama wewe, na hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Mwishowe akasimama, mikono kiunoni, mbele ya darasa zima: "We Damaris, mtoto wa huko Wenje, umeninunia tangu Jumatatu. Kwani sisi ni wake wenza? Mume wetu ni hiki kisanduku?" Wasichana wakaangua kicheko. Mimi nilikaribia kulia.

Alhamisi ikafika zamu ya jaribio lako. Nililifanya kama ulivyonifundisha: mpe kitabu mtu ambaye hajawahi kukigusa kifaa, kisha kalia mikono yako. Pale msomaji anapopotea, ndipo kitabu kilipokosea. Wewe ulikuwa ukikalia viganja kweli kweli, na kuuma mdomo ili uso usimwonyeshe njia. Nikampa Halima kisanduku cheusi na kitabu chake. Nikakalia mikono.

Alisoma kwa sauti zile sentensi zilizopinda. "Hiki kitabu," akasema, "kimeandikwa na mtu anayekimbizwa na mamba." Nilikaza uso nisicheke. Programu ilimchelewesha, lakini akaiweka. Kisha kitabu kikamwambia aunganishe umeme wowote autakao. Ndivyo kilivyosema, wowote. Akatazama huku na huku, akavuta nyaya za zile paneli mbili za sola zilizoko nje, ambazo Mwalimu alikuwa ameziunganisha kwa mfululizo, volti za moja zikijumlishwa na za nyingine. Ilikuwa adhuhuri, na unalijua jua la Garsen.

Mimi na wewe tulikwisha kukigeuza kile kisanduku. Tulisoma herufi ndogo zilizoko chini yake, mahali pasipoonekana kikiwa mezani, zinazosema mwisho wake ni volti ngapi. Kitabu hakisemi popote. Paneli mbili kwa jua lile zilikuwa zimepita mwisho huo.

Sheria yako ilisema nikae kimya. Wivu wangu ulisema vilevile. Sijawahi kuona mambo mawili yakipatana namna ile. Kisanduku kingeungua, Mwalimu angemrudisha Halima nyuma, na kiti kingekuwa chako tena. Kitabu kilikuwa kimenyamaza, nami ningenyamaza nacho tu. Nani angenilaumu?

Ncha ilipokaribia zile nyaya, mikono ilitoka yenyewe. "Toa! Halima, toa!" Nilimvuta kiwiko, ncha ikaanguka mezani.

Alishtuka, halafu akasema, "Haya, mke mwenza kafungua mdomo!" Nikakigeuza kisanduku, nikamwonyesha zile herufi. Akasoma. Akakaa chini polepole. Kisha akaniambia kwa sauti ndogo, "Rehema alisema wewe ukinuna mtu akungoje tu, utarudi."

Kwa hiyo mlikuwa mkinisema. Wewe na yeye, kwenye maziwa, mlikuwa mkinisema mimi. Nimelifikiria sana na bado sijui kama nimefurahi.

Ripoti imekwisha. Tumependekeza cha bluu, umenishinda, mwenzangu. Kuhusu cheusi tumeandika kwamba mistari yake ni safi, lakini kitabu chake kinanyamaza mahali pa hatari. Mwalimu alipotaka majina, niliandika lako kwanza, kisha langu. Halima alikuwa akifuta meza ambayo haikuwa na vumbi. Nikaandika na lake, kwa mwandiko mzuri.

Nakuahidi hivi. Tutaandika maelekezo yetu wenyewe kwa Kiswahili, na ukurasa wa kwanza, kabla ya picha na kabla ya neno karibu, utasema volti ngapi ndizo mwisho. Tutampa msichana wa kidato cha kwanza asome, na mimi na Halima tutakalia mikono, sote wawili, mpaka afike mwisho bila kuuliza.

Lala salama katika udongo wa Golbanti, karibu na mto wako. Na kama huko uliko umekwisha kupata wa kukaa naye, usinitajie jina lake. Nishikie kiti tu. Nitanuna kidogo, halafu nitarudi.

Rafiki yako wa Wenje,
Damaris